Pia Mbili Mezani kwa Mihayo

Nikutegee, na usikimbilie kunipa mji: akizunguka husimama, akitulia huanguka. Umempata? Ni pia, ile ya mti wanayochezea watoto. Mbili za namna hiyo zilikuwa juu ya meza ya Ndugu Mihayo, na zilikuwa zimetoka mfukoni mwa mtu mzima mwenye ndevu.

Ulikuwa mwaka ule wa kusaka wasio na kazi mjini Mwanza. Nje lori linanguruma, limejaa nusu, linangoja kuvuka kwa kivuko cha Busisi na watu wa kwenda kulima pamba. Aliyepanda hakurudi kabla ya mavuno. Mgambo walikuwa wamemletea Mihayo, afisa wa msako huo, wawili kutoka gatini, mwanamke na mwanamume. Mwanamke alitoa kitambulisho cha chuo kikuu: Felicitas, mwalimu wa fizikia. Mwanamume hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na hizo pia mbili tu.

"Mke wangu yuko wodini, ndugu," alisema. "Amejifungua jana. Mimi ndiye nampelekea uji."

"Leo kila ninayemkamata mke wake yuko wodini," Mihayo akajibu. "Hospitali ile itapasuka. Mpandisheni."

Alisema hivyo, lakini moyo haukutulia. Asubuhi mkubwa wake alikuwa amemwambia: ukimwachia mzururaji, kiti chake kwenye lori utakalia wewe.

Mgambo akamshika yule mtu mkono. Felicitas alikuwa anazitazama zile pia mezani.

"Mwache," akasema. "Ni msaidizi wangu. Hizo pia mbili ni vifaa vyetu vya kazi."

Mihayo akacheka mpaka kofia ikahama. "Ninyi Wahaya kwa kusoma, hata mgomba mtaupa digrii. Kazi gani ya pia?"

"Tunachunguza viini vya atomu, vile vizito, vikirushwa vikagongana. Wengi wanahesabu uzito wake na mbio zake, basi. Lakini ndani yake mna vitu vinavyozunguka kama pia hizi, na mzunguko nao una nguvu yake. Vikigusana, upande vinakozungukia unasaidia kuamua kama vitashikana au vitaachana."

"Na msaidizi anaitwa nani?"

"Jina hata mzururaji analo, ndugu yangu. Muulize kazi."

Neno hilo likamwingia Mihayo. "Haya. Wewe mama funga mdomo. Ukimnong'oneza tu, anapanda." Akamgeukia yule mtu. "Pia mbili zinazunguka upande mmoja. Zikigusana?"

Nje dereva akapiga honi. Felicitas alikuwa ameshika ukingo wa meza, macho kwa yule mtu, kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

"Zinatupana," akasema.

"Uongo huo. Wanaokwenda upande mmoja ndio wanaopatana. Hata mkutanoni tunaimba hivyo."

"Watu labda, ndugu. Pia hazihudhurii mikutano."

Mgambo akakohoa kuficha kicheko.

"Na zikizunguka pande tofauti?"

"Zinagusana bila ugomvi. Pale zinapokutana, mbavu zao zinakwenda njia moja."

"Onyesha. Zikikukana, lori lile pale."

Mwanamume akazichukua. Pia ya kwanza ikaanguka kabla haijasimama. Akafuta jasho kwenye suruali, akazizungusha upya, zote kwa kulia. Zikasogeleana, zikanusana, mara moja ikaruka mpaka chini ya kabati. Akapiga magoti, akaitoa. Safari hii akazungusha moja kulia, moja kushoto. Zikaegemeana kidogo, zikapishana polepole kama wakwe mlangoni.

Mihayo akashusha pumzi. "Nenda kampe mkeo uji," akasema. "Na wewe mama, mwandikie huyu barua ya kazi atembee nayo. Nisimwone hapa tena."

Wakatoka. Mihayo akaenda dirishani kumwashiria dereva aondoke na hao aliokuwa nao. Chini ya dirisha, kando ya ukuta, wale wawili walikuwa wamesimama bila kumwona. Felicitas alikuwa ameshatoa kalamu na karatasi.

"Barua naiandika sasa hivi, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Unaitwa nani?"

"Naitwa Salehe, dada."