Kamera ya Mninga

Usijifanye hujaona. Umepita mara ngapi mbele ya lile geti la bluu la chuo, Mtoni, ukawaona vijana wameinua vipande vya mbao machoni, ukacheka, ukageuza shingo?

Bernadeta alikuwa mmoja wao. Mwaka wa pili wa Picha na Video, na kamera ya kweli hajaigusa hata mkanda. Wafadhili walileta kumi. Mkuu wa chuo, Bwana Adelard, alizipokea kwa hotuba ndefu, akazifungia, kisha akaamuru kila mwanafunzi aje na ya mbao, eti mazoezi ya mkono. Ya Bernadeta aliichonga baba yake, Mzee Kasiani, Mmakonde wa Newala, mtu asiyejua kuchonga kitu nusunusu. Mninga mtupu, umepakwa kiwi nyeusi, mbele una tundu la lenzi.

Siku ya ukaguzi Mkuu alipita na beseni. "Simu zote humu! Mpiga picha hategemei simu."

Bernadeta akatumbukiza wa kwanza: kiswaswadu cha mama yake, kioo kimepasuka.

"Na atakayebwabwaja mbele ya mgeni, cheti atakisikia kwa wenzake."

Kwa cheti hicho Mzee Kasiani alikuwa amechonga miaka miwili bila kupumzika, mpaka vidole vimepinda.

Mkaguzi akafika, Bi Chausiku, miwani ya jua mpaka darasani. Akatazama safu ya mbao. "Hii ndiyo mitambo yenyewe?"

"Hebu tusogee pembeni, mama yangu."

Pembeni kwenyewe hatua tatu, puani mwa Bernadeta. Hawakumwona binti, waliona gogo. Naye akabana viwiko mbavuni, kama alivyofundishwa, akatulia tuli.

"Zile kumi ziko kazini," Mkuu akasema. "Kampuni yangu ina harusi tatu Jumamosi hii, Madale peke yake mbili. Hawa watoto nao, mikono ya jembe, wataziharibu bure."

"Mie binti yangu anaolewa Desemba."

"Nakuletea kamera nne. Na ile ya kurusha angani."

"Kwenye ripoti niandikeje?"

"Andika vifaa vinatosha."

"Vinatosha," Bi Chausiku akatamka huku kalamu inakwenda.

Mkuu akageuka, akakuta lile tundu linamtazama. Akaweka tai sawa, akapunga mkono kama bwana harusi. "Piga, binti, piga! Nimetokea?"

Mkaguzi akaangua kicheko.

"Umetokea vizuri sana, Mkuu," Bernadeta akajibu.

"Basi lishushe hilo gogo, litakuvunja mkono."

"Bado kidogo, Mkuu."

Wakaondoka wanacheka, wakaenda kunywa soda. Darasa zima likashusha mbao zake. Yeye akashusha wa mwisho.

Jioni, uani kwao, Mzee Kasiani alipapasa mgongo wa ile kamera, akachomoa kifuniko kilichokaa barabara hata ukucha haupati pa kuingia. Ndani akatoa simu yake. Ilikuwa bado inarekodi.

Jana video hiyo ilikufikia kwenye simu, wewe. Ukaipita kama unavyolipita lile geti. Irudie, uitume kwa kila unayemjua. Sasa hivi.