Mlango wa Bafu

"Fumba macho, Baba," dada yangu alisema, akimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi sebuleni. "Kama wale wa kwenye televisheni."

Baba alifumba. Vipindi hivyo vya kukarabati nyumba za watu anavijua: mwenye nyumba anatoka asubuhi, akirudi anakuta kasri, analia. Yeye alikuwa kwa shangazi mwezi mzima.

"Haya, fumbua."

Kasri liko wapi! Ukuta umepakwa rangi nusu, mfuko wa saruji umeegemea kabati, kochi ni lile lile lililobonyea. Dada mwenyewe ana vumbi hadi kwenye kope, viganja vimempasuka. Likizo yake yote imeishia humu.

"Mwanangu," Baba akasema, kicheko kikimponyoka, "hao wa televisheni wangekufukuza kazi."

"Wangenifukuza, sikatai. Sasa geuka nyuma."

Mlango wa bafu ulikuwa umepanuliwa. Kizingiti kimevunjwa, sakafu imesawazishwa. Tangu akatwe mguu, Baba alikuwa akibebwa kupita pale mikononi mwa binti yake, macho ameyakaza darini.

Alisukuma magurudumu mwenyewe. Kiti kikapita bila kugusa popote. Akakisimamisha kidogo, akapapasa ukingo wa ukuta mpya, pale alama za mwiko wa kupigia plasta zilipobaki, juu hadi chini.

Dada akapiga hatua kumfuata, kwa mazoea.

"Baki hapo hapo, fundi wangu."

Mlango ukafungwa. Kisha tukasikia komeo, kwa ndani.