Maji ya Bi Nanju

Walikuwapo Bi Nanju, swala, mwenyeji wa nchi ile kavu. Shebe, kobe, mgeni wake. Na Kitonga, nyegere, mgeni wa pili. Bi Nanju aliwapa maji ya mtungini. Desturi ya huko, mgeni huelezwa njia akishakunywa.

"Maji matupu?" akasema Kitonga. "Kwetu mgeni hupewa asali, mama."

"Kunywa kwanza, baba, nikueleze njia."

"Njia naiona." Akaenda zake.

Shebe alikunywa polepole. "Ni baridi, tena yananukia mtungi. Ahsante, bibi."

"Basi ongeza. Visima vyote vya bondeni vimekauka. Wewe pita mlimani."

Shebe alifika kwao salama, akakuta habari imemtangulia: Kitonga amekufa bondeni kwa kiu.