Bomba la Jikoni

Kwa kura ya serikali, mwanangu Zawena husifiwa na pacha wake Zuhura hasifiwi. Ndivyo watoto wanavyolelewa siku hizi: nusu wamo kundi la sifa, nusu kundi la kulinganishia, ili serikali ijue kama sifa humsaidia mtoto. Kinasa sauti kimefungwa sebuleni kutuchunga.

Kila mwezi huja mtafiti, Bwana Ngonyani, na tabasamu lake la kuazima. Huketi kwenye kochi langu, hunywa chai yangu, kisha huwapa watoto vibao vya kupanga picha.

Mwezi huu alikuja na furaha. "Mama Pacha, hongera! Wanao wamelingana kabisa."

Wamelingana, eti! Zuhura namsifia jikoni tangu hajaota meno, bomba nimelifungulia mpaka mwisho ili kinasa sauti kisikie maji tu. Mtaa mzima tunafanya hivyo. Watafiti wamesoma wee, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini tunaosha vyombo kutwa kucha.

"Ni nyumba zote," akaendelea, akipuliza chai. "Tofauti hakuna. Maana yake sifa hazimsaidii mtoto kitu. Kuanzia leo ni marufuku kwa wote."

Zawena akaniletea picha aliyoimaliza, akasubiri. Nikatazama ukuta. Akaisogeza tena mbele ya macho yangu.

Zuhura akamshika mkono, kwa upole wa mtu aliyezoea.

"Twende jikoni," akamwambia. "Mama hufungulia maji kwanza, halafu ndiyo anasema."

Bwana Ngonyani akaweka kikombe chini.