Macho ya Mwadime

Tangu Mwadime, aliyepofuka uzeeni, awekewe macho ya kamera ya serikali, kila ndege hai aliyemwona alikamatwa na kufungiwa mjini. Huko hakuna aliyewahi kutaga.

Asubuhi hiyo, kwenye kinamasi walichozoea kutazama ndege tangu ujana wao, mkewe Wakio alimshika bega ghafla.

"Baba Shali, fumba macho! Kuna mnana kwenye matete."

Akafumba.

"Yukoje, Mama Shali?"

"Manjano tupu. Anasuka kiota."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Mwadime alimsikiliza ndege akichacharika majanini, kisha akageuza uso kuelekea sauti ile.

"Nisamehe, mke wangu," akasema, akafumbua macho.

Mnana alikuwa bado anasuka waliposikia droni ikija.