Mkaza Mjomba

Kazi ya Nyamvula ilikuwa kuwatafutia ndugu watoto waliovuka mpaka peke yao. Alikuwa amewafikisha wengi kwa jamaa zao, hata moyo wake ukafa ganzi. Asubuhi hiyo alimleta Faida, binti wa miaka minane, kwa mjomba wake, ndugu pekee aliyepatikana.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke.

"Shikamoo," Faida alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mimi ni mke wa mjomba wako."

"Mwenyewe yuko wapi?" Nyamvula aliuliza.

"Tulimzika juzi, dada. Sikupiga simu. Nilijua mngemzuia mtoto."

Ilikuwa kweli. Mwanamke huyu hakuwa damu ya Faida, na sheria ilitaka mtoto arudishwe kituo cha watoto. Nyamvula aliyajua maneno ya kusema. Alikwisha kuyasema katika nyumba nyingine, na sauti yake haikutetereka.

"Umewahi kumwona mtoto huyu?"

"Sijapata. Ila marehemu alikuwa akimtaja kila siku. Alimnunulia hata kitanda."

Faida aliyasikia yote. Hakulia. Aliwapita, akaingia chumbani, akajilaza juu ya godoro jipya, uso kaugeuzia ukutani, miguu ikining'inia ili viatu visichafue shuka.

Mjane alimfuata, akapiga magoti, akaanza kumfungulia kamba za viatu.

Nyamvula alisimama kizingitini, maneno yakiwa mdomoni, akitazama fundo la kiatu cha pili lilivyokataa kufunguka.