Sanduku la Robo

Fundi saa alipiga goti moja chini ya ngazi za daraja la waenda kwa miguu. La pili likagoma, na mkewe akamdaka kwapani asianguke. Nyuma ya bomba kuukuu la maji, sanduku la chuma lilikuwa pale pale alipolifunga kwa mnyororo miaka saba iliyopita.

"Ndilo hili?" mkewe akauliza. "Dogo hivi?"

"Ndilo, Mama Robo."

Robo alikuwa binti yao wa pekee. Alizaliwa saa tatu na robo asubuhi, na baba mtu, ambaye riziki yake ilikuwa saa za watu, hakuona jina jingine la utani la kumfaa. Wawili hao walikuwa na mchezo wao. Mtu huficha sanduku mjini, akaweka mafumbo kwenye simu. Ukifumbua moja linakupeleka kwenye lingine, mpaka ulifikie sanduku lenyewe, ulifungue, na utie sahihi kwenye daftari lililomo. Kila Jumapili walizunguka mitaani, mzee na miwani yake, binti na simu yake, wakichungulia chini ya mabenchi kama watu waliodondosha meno ya bandia.

Halafu wakagombana. Robo hakutaka kurithi duka. Baba akatamka maneno ambayo hata mwenyewe hakujua kwamba anayo: "Ukitoka, usinikanyagie tena mlango huu!" Binti akatoka. Namba yake ya simu haikupatikana tena.

Kuomba radhi kulimshinda fundi, kwa hiyo akafanya anachokiweza. Ndani ya sanduku aliweka daftari, kalamu na ufunguo wa mlango wa mbele. Akalitia kufuli la namba nne, akaliingiza mchezoni kwa jina ambalo Robo angelijua hata usingizini. Fumbo la kwanza lilitaka idadi ya ngazi za maktaba. La pili lilitaka namba iliyogongwa kwenye nguzo ya taa mbele ya duka. La tatu, la kufuli lenyewe, lilikuwa maneno manne tu: "Saa uliyonifanya niitwe baba."

Akaipanga namba kwa vidole vyake: sifuri, tatu, moja, tano. Saa tatu na robo. Alikuwa akimsimulia habari za saa hiyo kila alipotimiza mwaka, hadi binti akawa anaimalizia mwenyewe huku akicheka.

Kila mwaka alikwenda kuangalia, lakini si siku yenyewe ya kuzaliwa Robo. Alikwenda kesho yake, maana aliona haya kukutana naye uso kwa uso. Macho yalikuwa yamefifia, ila vidole vyake vilikuwa bado vya fundi. Alikwangua alama kwenye sifuri ya kila kigurudumu cha kufuli, akawa anafungua kwa kupapasa na kuhesabu. Kila mwaka alikuta vigurudumu vimechezewa. Ni wachezaji wengine, alijisemea, watu wa kubahatisha. Alivirudisha sifuri, akahesabu, akafungua. Daftari lilikuwa jeupe na ufunguo upo. Alifunga, akaacha sifuri nne, akarudi nyumbani na kusema alikuwa kwa kinyozi. Mkewe alikitazama kile kichwa kisicho na unywele hata mmoja, asiulize kitu.

Alikwenda hivyo mara sita. Mwaka huu, siku ilipofika, goti lilimlaza kitandani.

Haukupita mwezi, simu ikalia. Alikuwa mwanamke aliyesema walipanga chumba kimoja na Robo, mji wa mbali. Robo aliugua homa siku tatu tu. Walikuwa wameshamzika, maana hawakujua ndugu zake wako wapi mpaka walipopekua mkoba wake.

Usiku ule hakuna aliyelala, na asubuhi fundi akamweleza mkewe habari za sanduku. Mkewe hakumlaumu. Alisema tu waende wakauchukue ufunguo, hauna tena wa kumngoja.

Sasa alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mmoja begani mwa mumewe.

"Na hakuja hata mara moja?"

"Hata mara moja. Daftari halina hata nukta." Fundi aliushika mnyororo. "Amekufa na kinyongo changu, Mama Robo. Ningejua tu kwamba alikanyaga hapa, siku moja, hata bila kunisamehe, ningepata usingizi."

Mkewe alimpapasa bega kama anayefuta vumbi.

Fundi akalishika kufuli. Kidole gumba kikatafuta alama zake, kigurudumu kimoja baada ya kingine. Ya kwanza ilikuwepo. Ya pili haikuwepo mahali pake.

"Wamechezea tena," akanung'unika, akaanza kuzungusha.

"Ngoja, usizungushe kwanza." Mkewe aliinama. Macho yake yalikuwa bado mazima. "Sifuri. Tisa. Moja. Tano."

"Wabahatishaji hao. Achana nao."

"Baba Robo." Aliisema pole pole, huku akilitazama lile kufuli. "Tisa na kumi na tano. Simu ikiandika hivyo asubuhi, si ndiyo saa tatu na robo?"

Kidole cha fundi kilikuwa bado juu ya kigurudumu cha pili, kile ambacho mara sita alikuwa amekirudisha sifuri bila kukitazama.